Kiwanja Kisicho na Mtu

Kwenye wakala wa kukuza uchumi wa jiji walikuwa na utaratibu wao: viwanja vya kuwaonyesha wawekezaji vilipigwa picha Jumapili asubuhi na mapema, watu wakiwa bado wamelala. Picha ikitoka, unaona ardhi tupu, safi kama sahani iliyooshwa. Uongo? Thubutu! Waliuita kuandaa mazingira, hawana haya wale.

Afisa mmoja, wenzake walimwita Fursa kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake, ndiye aliyekipiga picha kiwanja cha mafundi cherehani nyuma ya stendi. Dada yake alishona pale, dada aliyemlea tangu mama yao afariki. Fursa alijiambia: ni picha tu, nani atakitaka kichochoro kile? Mwekezaji akakitaka.

"Wewe una ndugu pale," mkurugenzi akamwambia. "Nenda kawaambie watoe vitu vyao kabla ya Alhamisi. Mitambo haitamsubiri mtu."

Akaenda. Kabla hajafungua mdomo, dada yake aliacha cherehani, akamshika mkono na kumtembeza kwa wenzake.

"Huyu ndiye mdogo wangu, yuko serikalini! Kuna mtu hapa ameshafunga mizigo, eti tunaondolewa. Haya, muulizeni mwenyewe!"

Wakamtazama wote. Loo! Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Nalishughulikia."

Aliyefunga mizigo akaifungua.

Alhamisi Fursa alikuwa ofisini akimmiminia mwekezaji kahawa, mkurugenzi kando yao, simu ya Fursa ikaita.

"Mdogo wangu, wamekuja na tingatinga!" Alikuwa dada yake. "Dereva hasikii la mtu. Nimemwambia mkubwa wake ni wewe. Ngoja nikupe uongee naye."

Sauti nzito ikaingia. "Mkubwa, huku vyerehani bado vipo kiwanjani. Niendelee au nisimame?"

Mkurugenzi aliinua macho. Mwekezaji naye. Fursa aliipenda kazi, na alimpenda dada yake, Mungu ndiye shahidi.

"Endelea," akasema.

Kabla simu haijakatika, akamsikia dada yake akiwatuliza wenzake, sauti imejaa furaha: "Si niliwaambia? Anaongea naye!"