Gari Jeupe la Viti Viwili

Kofi lilimpata Sindayigaya akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu, spana mkononi. Lilimpiga sikioni likamwangusha ubavu kwenye saruji yenye mafuta machafu, na kabla hajajua kilichotokea, kiatu cha Bwana Nkhata kilikuwa kimeshamfikia mbavuni.

"Nimekuuliza habari za gari, sikukuuliza habari za kifo changu!" Nkhata alifoka. "Mkimbizi wewe, unanitabiria kufa mbele ya mke wangu!"

Gereji ilikuwa nyuma ya soko la Tsoka, kwenye mji wa zamani wa Lilongwe. Mafundi wengine waliinamia kazi zao kana kwamba hawana masikio. Mwenye gereji alisimama mlangoni akichezea funguo. Gertrude, mke wa Nkhata, ndiye peke yake aliyesogea. Alimshika mumewe mkono, akamwambia kwa Kichewa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuambiwa ukweli.

Ni kweli alitaka. Nkhata aliuza vitambaa, na kwa safari zake za kwenda Mbeya alikuwa amejifunza Kiswahili, ndiyo maana alimzoea yule fundi wa Kirundi kuliko wengine. Mwaka ule wa tisini na tano biashara ilimnyookea. Alitaka gari ambalo likiingia mtaani kwake, Area 18, watu watoke nje kulitazama. Dalali alimletea mawili achague. La kwanza lilikuwa la bluu, la milango minne, lenye mbio za kutosha na mazulia ndani. La pili lilikuwa jeupe, limetoka Harare, ambako mwenyewe alilikimbiza kwenye uwanja wa mashindano mpaka alipoacha mchezo. Lilikaa chini kama paka anayenyemelea. Ndani lilikuwa na viti viwili tu, na nyuma yake mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa, ya kuwakinga waliomo lisipondeke likibiringika.

Sindayigaya alipewa siku mbili ayaendeshe yote mawili. Siku ya tatu alisema alichokiona.

"Bwana mukubwa, ile ya bulu njo ya barabara. Hii nyeupe ni ya kushindana tu. Fre zake, hizi breki, zinapenda moto, zikiwa baridi haziwezi kamata kitu. Tairi zake, mvua ikinyesha, ni sabuni. Na ukitaka kubeba mama na batoto, utabaweka wapi? Kule nyuma iko vyuma tupu."

"Nitaliendesha taratibu."

"Gari hii haijui pole-pole. Utakufa nayo, bwana. Utakufa, ama utaua mutu."

Hapo ndipo kofi lilipotua.

Kuna jambo ambalo Sindayigaya hakulisema siku ile, na hakuwahi kumsimulia mtu pale Lilongwe. Kule Gitega, kwao Burundi, kwa miaka minane, alikuwa fundi wa mtu aitwaye Cyrille, mfanyabiashara aliyependa mashindano ya magari. Mwezi wa kumi wa mwaka tisini na tatu, mauaji yalipoanza milimani, uani kwa Cyrille palikuwa na magari mawili: pikapu kuukuu iliyoinuka juu, na gari la mashindano. Sindayigaya alimsihi achukue pikapu. Cyrille akasema pikapu haikimbii, na kinachotakiwa ni kukimbia. Akamweka mkewe Béatrice kwenye kiti cha pili. Nafasi ya mtu wa tatu haikuwepo. Sindayigaya ndiye aliyewafunga mikanda, ile mipana ya mabegani na kiunoni, akaivuta mpaka ikabana, akawatakia safari njema.

Yeye alifuata kwa miguu, akipita migombani. Saa sita mchana akalikuta gari. Mkaratusi ulikuwa umekatwa na kulazwa barabarani, na gari lilikuwa limepanda juu yake likakwama kwa tumbo, magurudumu ya mbele yakining'inia. Wawili wale walikuwa bado wamekaa wima vitini, mikanda imewashika. Mapanga yalikuwa yamepitia madirishani. Mkono wa Béatrice ulikuwa umeng'ang'ania kifungo cha mkanda. Alikuwa hajaweza kukifungua.

Kwa hiyo Sindayigaya aliposema "utakufa" hakuwa akitabiri. Alikuwa akikumbuka.

Alijizoazoa kutoka sakafuni. Nkhata alikuwa ameshaondoka, na kabla ya kuondoka alikuwa amechagua: jeupe.

"Litengeneze liweze kupita barabarani," mwenye gereji alimwambia. "Ama urudi Dzaleka ukapange foleni ya mahindi."

Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, kulikuwa na mkewe Annuarite, mwanamke wa Uvira, na watoto wao wawili, katika nyumba ya udongo aliyoisimamisha mwenyewe. Kila Jumatatu aliondoka kambini kwa lori bila kibali, akalala gereji wiki nzima, na Jumamosi akarudi na unga, sabuni na mafuta. Alifikiri habari ya kazi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha akachukua spana.

Alifanya kazi siku tisa. Aliliinua gari kadiri lilivyokubali kuinuka, akalegeza springi, akafunga taa na namba. Aliomba tairi nyingine. Nkhata alikataa, akasema zile pana ndizo zinazopendeza. Alitafuta pedi za breki za kawaida mji mzima, hakupata zilizolingana. Alijiambia kwamba afadhali lipite mikononi mwake kuliko mikononi mwa mtu asiyelijua. Lakini kila alipokaza nati alijua anachokifanya. Alishasema kwamba gari lile litaua, na sasa alikuwa akiliandalia njia.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa Januari. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Nkhata alikuja na miwani mipya, akamwamuru Sindayigaya akae kiti cha pili asikilize injini. Wakafunga mikanda. Sindayigaya alimwonyesha kifungo.

"Usisukume. Zungusha ivi, mukono wa kuume."

"Najua, najua."

Walipita Area 18, na watoto walitoka nje kweli, wakashangilia. Nkhata alicheka kwa sauti. Klachi ilimshinda mara mbili, gari likaruka kama mbuzi, kisha akalizoea. Waliposhika barabara inayopita pembezoni mwa kitongoji cha Mtandire alikanyaga mafuta, na mngurumo ukajaa kifuani mwao wote wawili.

"Pole-pole, bwana! Fre bado baridi!"

Mtu wa baiskeli alikuwa mbele yao, kwenye mteremko, gunia la makaa limefungwa nyuma. Aliyumba kidogo kukwepa dimbwi. Nkhata akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Gari liliteleza kwa ubavu bila hata kulia. Sindayigaya aliona uso wa yule mtu ukigeuka, meno yake, kofia yake ya sufu. Kisha ikasikika sauti ya mfupa na bati kwa pamoja, baiskeli ikapita juu ya paa, makaa yakawamwagikia kiooni, gari likazunguka mara moja na kujigonga kwenye mtaro.

Sindayigaya alizungusha kifungo, akatoka mbio. Mtu yule alikuwa amelala kwenye tope, mguu wa kushoto umekunjika pale ambapo mguu haukunjiki, mfupa mweupe umetokeza chini ya goti na damu ikimwagika kwa mapigo. Sindayigaya alivua shati, akalifunga pajani, akalikaza kwa spana. Mwanamke mmoja alikuja akipiga yowe, nyanya zikimwanguka kutoka kwenye kanga. Alikuwa mke wa yule mtu. Watu walimwita Naphiri.

"Hospitali!" alilia kwa Kichewa. "Mpakieni kwenye gari lao!"

Wanaume wanne walimnyanyua. Walifungua mlango wa gari jeupe, wakakuta vyuma. Walijaribu kumpitisha juu ya kiti, mguu ukagonga bomba, na mtu yule akapiga ukelele ambao watu wa pale waliusimulia kwa miezi. Wakamrudisha chini. Kila mmoja aliliangalia lile gari la ngurumo, lililokuwa na nguvu za kumvunja mtu na halikuwa na mahali pa kumlaza.

"Mumenyeni!" mtu akasema kwa Kichewa, yaani mpigeni, na tofali la kwanza likapasua kioo.

Wakaanza kupiga. Mawe, fito, mpini wa jembe. Nkhata alikuwa bado amefungwa kitini. Alikuwa akisukuma kifungo, akisukuma na kusukuma, na damu ya kichwani imemwingia machoni.

"Sindayigaya! Nifungue! Sindayigaya!"

Hakuna aliyekuwa akimtazama Sindayigaya. Nyuma yake palikuwa na shamba la mahindi marefu, hatua kumi tu. Angeweza kuingia humo, na jioni angekuwa Dzaleka, kwa mkewe. Alipiga hatua mbili kuelekea mahindini. Miguu yenyewe ndiyo iliyokwenda. Kisha akageuka, akajitupa katikati ya watu na kuingia dirishani kwa kichwa na mabega.

Kifungo kilikuwa kimepinda. Alitoa kisu chake cha kukatia mipira ya maji, akaanza kukereza mkanda wa bega. Mpini ulimshukia mgongoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikata. Aliposogea kwenye mkanda wa kiuno, jiwe lilipita dirisha la pili likamkuta jicho la kushoto, na dunia ikawa nusu. Hakuacha kukata. Nkhata alipigwa tofali la taya mbele yake, taya likaenda upande. Mtu alikuwa amemwaga mafuta ya taa juu ya boneti. Moto ulishika kwa mshindo laini, kama shuka linalokung'utwa. Mkanda ukaachia. Sindayigaya alimkumbatia mtu aliyempiga kofi, akamvuta kupitia dirishani juu ya vioo, wakaanguka wote topeni, na mateke yakawafuata huko huko.

Kilichowaokoa hakikuwa huruma. Naphiri alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza, mbele ya lori la mahindi lililokataa kusimama mpaka lilipomkaribia kwa shibiri.

"Mume wangu anakufa na ninyi mnacheza!" aliwafokea. "Njooni mumbebe!"

Wakaacha, wakaja kumbeba. Ndipo polisi walipofika na virungu.

Hospitalini Nkhata hakuweza kusema, taya lake lilikuwa limefungwa bendeji. Lakini mkono ulikuwa mzima. Aliomba karatasi, akaandika kwamba dereva alikuwa mkimbizi. Sindayigaya hakuwa na kibali cha kutoka kambini, na hilo liliwatosha polisi. Walimweka chumba kisicho na dirisha. Walimlaza kifudifudi, wakampiga nyayo kwa mpira uliokatwa kwenye tairi, wakimtaka akubali. Alisema yaleyale kila mara, mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa kiti ya pili. Nilikuwa kiti ya pili.

Siku ya nne Naphiri alikuja kituoni kwa miguu. Hakuna aliyemwita. Alimwambia ofisa kwamba aliyekuwa amefungwa nyuma ya usukani ni yule tajiri, na kwamba huyu mwingine ndiye aliyekuja kwa mume wake kwanza. Ofisa akamwambia aende nyumbani. Naphiri akakaa chini kwenye kizingiti. Kila askari aliyetaka kupita ilimbidi amruke, na kila aliyemruka aliambiwa maneno yale yale upya. Jioni walichoka, wakamtoa Sindayigaya.

Alitoka akitembea kwa kingo za miguu. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, na halijafumbuka mpaka leo.

"Zikomo, mama," alisema. "Zikomo sana."

Naphiri hakupokea shukrani ile. "Wamemkata mguu," alisema. "Anauliza gari gani lile. Mimi sijui la kumwambia. Twende umwambie wewe."

Wodi ilinuka dawa na usaha. Mtu wa baiskeli alikuwa ameegemea ukuta, shuka limelala bapa mahali ambapo mguu ulikuwa. Sindayigaya alisimama mbele yake. Angeweza kusema kwamba alikataa, kwamba alipigwa kofi kwa kukataa, na yote yangekuwa kweli. Alitafuta maneno yake machache ya Kichewa.

"Ni gari ya mashindano," alisema. "Si ya barabara. Nilijua. Mi njo niliitengeneza."

Maneno ya mwisho yalitoka kwa Kiswahili, lakini alijigusa kifua na kuigiza kukaza nati, wakamwelewa. Mtu yule alichukua kikombe cha bati kilichokuwa kando yake, akakirusha. Kilimpata Sindayigaya juu ya jicho zima, ngozi ikapasuka. Wagonjwa wengine waligeuka kutazama. Sindayigaya hakuinua mkono kujikinga wala kufuta damu.

"Kwa nini?" mtu yule aliuliza. "Kama ulijua, kwa nini?"

"Niliogopa kukosa kazi."

Mtu yule alipumua kwa kelele, kisha akageuza uso ukutani. Mabega yake yalianza kutikisika. Naphiri alipanda kitandani nyuma yake, akamshika. Sindayigaya alibaki amesimama, nyayo zikimwaka moto, mpaka muuguzi alipokuja na pamba, akamshika kiwiko na kumketisha sakafuni.