Matufaha ya Kigoda cha Toba

Jumapili ya pili ya mwezi Machi, Grizel Moffat alivaa gunia juu ya gauni lake la sufu, akamfunga mtoto kifuani kwa shuka, akaingia kanisani katika kijiji cha Kirkharran wakati kengele ya pili ikilia. Alikuwa amechelewa kidogo, kwa sababu gunia lilikuwa limeganda kwa baridi na ilibidi alikaushe kwanza motoni. Alipita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akaenda kuketi kwenye kigoda cha toba, mbele kabisa, chini ya mimbari, uso wake ukiwaelekea majirani zake wote.

Kosa lake lilijulikana. Mwezi Januari, kisimani, Mzee Saunders Pringle, mtengeneza mapipa na mzee wa kanisa, aliwaambia wanawake washukuru kwa njaa ya miaka mitatu, maana ndivyo Mungu anavyowatia adabu watu wake. Katika miaka hiyo mitatu Grizel alikuwa amezika watoto wawili, na mumewe alikuwa amekufa vitani Flandria kabla huyu wa tatu hajazaliwa. Akaweka ndoo chini, akasema, "Mzee Pringle, mimi nadhani huko juu hakuna mtu." Kisha akabeba ndoo yake akaenda zake kusokota kitani. Miaka michache nyuma Bunge la Edinburgh lilikuwa limetunga sheria juu ya wanaomkana Mungu: mara ya kwanza gunia na kigoda, mara ya tatu kitanzi. Mzee Pringle hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, basi akaenda kulisema kwa mchungaji.

Kigoda chenyewe kilikuwa cha mwaloni, kimechongwa na babu yake Mzee Pringle, na kwa miaka sabini kilikuwa kimekaliwa na wazinzi, walevi na watu waliokausha nguo siku ya Sabato. Jumapili ile, zaburi ilipofika ubeti wa tatu, mguu mmoja wa kigoda ukachipua. Karani wa kanisa, aliyekuwa akiongoza zaburi mstari kwa mstari, aliliona chipukizi, akasogeza kiatu chake ili asilikanyage, akaendelea na ubeti wa nne.

Mahubiri yalipokwisha, Mchungaji Ninian Halkett aliinama kutoka mimbarini. "Grizel Moffat, unaamini kwamba yuko Mungu?"

"Sijui, Mchungaji."

"Basi utarudi Jumapili ijayo."

Akarudi. Jumapili ya pili kigoda kilitoa majani, na Grizel alilazimika kuyasogeza kwa mkono apate pa kukaa. Jumapili ya tatu, theluji ikiwa bado imelala juu ya makaburi, kikazaa matufaha kumi na moja. Yalikuwa mekundu upande mmoja, na yalinukia kanisa zima. Watu waliokuwa wakila uji wa majani yawashayo na damu ya ng'ombe waliketi wakimeza mate. Mchungaji Halkett alifupisha mahubiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa homa. Baada ya baraka, Mzee Pringle alisimama mlangoni na kisu chake cha kazi, akayakata matufaha vipande, akagawa kuanzia kwa watoto. Hakuna aliyeuliza ruhusa.

Kuanzia hapo ikawa kawaida. Jumapili Grizel aliketi, kigoda kikazaa, watu wakala. Mama mzazi wa Mzee Pringle, aliyekuwa hajanyanyuka kitandani tangu Krismasi, alianza kutembea mpaka uani. Baraza la wazee lilifanya uchunguzi, maana lilikuwa baraza makini. Walimkalisha kijana mmoja aliyepigana sokoni, kigoda kikabaki mbao tupu. Wakamkalisha mlevi, wakamkalisha mwanamke aliyemtukana shemeji yake. Jumanne moja, milango ikiwa imefungwa, Mchungaji Halkett alikaa yeye mwenyewe kwa muda wa saa nzima. Alipata kibanzi tu makalioni, na karani ndiye aliyekitoa.

Mwezi Aprili alifika Daktari Lorimer, msomi wa dini kutoka chuo kikuu. Alikuja juu ya farasi aliyekonda, na mkobani alikuwa na muswada wa kurasa mia sita. Walimkaribisha nyumbani kwa mchungaji, wakamwita Grizel. Daktari alisimama alipoingia, akamtazama kwa furaha isiyofichika.

"Kwa miaka kumi na minne naandika kitabu cha kuwapinga wakanamungu," alisema, "na wewe ndiye wa kwanza kuonana naye uso kwa uso."

"Pole, Daktari."

"Hapana, hapana, keti. Nimeambiwa London wamejaa, lakini London ni mbali." Akachovya kalamu. "Sasa niambie. Mwaloni uliokatwa kabla bibi yako hajazaliwa unazaa matufaha. Nani anauzalisha?"

"Sijui."

"Sijui si jibu, mama."

"Ndiyo jibu nililo nalo." Grizel alimhamisha mtoto bega la pili. "Mwaka juzi shayiri ilioza shambani, mkasema ni Mungu. Mwaka jana ikafa kwa barafu, mkasema ni Mungu. Sasa kigoda kimezaa, mnasema ni Mungu. Sawa. Lakini mtu akinichukulia wanangu wawili, halafu akaja na matufaha, mimi siwezi kumwambia asante kabla hajanijibu jambo moja au mawili."

Daktari aliandika yote hayo, akayapigia mstari. Alikuwa mtu mwaminifu, na usoni alionekana kutambua kwamba sura ya tisa ya kitabu chake ingehitaji kuandikwa upya. Mchungaji Halkett alisema huenda ni kazi ya shetani. Daktari akamuuliza ni lini shetani alianza kulisha yatima. Mchungaji akasema, basi kama ni Mungu, kwa nini chini ya huyu na si chini ya mtu mwema? Walibishana mpaka mshumaa wa pili ukaisha, wakala tufaha moja kwa pamoja, na mwisho wakakubaliana kwamba muujiza ni wa Mungu na hatia ni ya Grizel, kwamba mavuno hutoka juu na samadi hutoka chini. Samadi ilikuwa imekaa palepale na mtoto mapajani, ikisikiliza.

Jambo lililomkosesha Grizel raha halikuwa hilo. Alikuwa ameshazoea kuitwa majina. Aliyekuwa hana jina ni mtoto. Kirkharran jina la mtoto halitamkwi kabla hajabatizwa. Hata mama hulificha kinywani mpaka maji yamguse mtoto paji la uso. Na mtoto ambaye mama yake yuko kwenye kigoda habatizwi. Wenzake waliozaliwa vuli ileile walikuwa wakiitwa na kutaniwa kwa majina yao, na huyu wa Grizel aliitwa "huyu", au "kile kitoto cha yule". Alikuwa na miezi minane na meno mawili. Akifa, na wengi walikuwa wakifa, angezikwa hana jina, ng'ambo ya ukuta wa makaburi. Grizel alikuwa na jina tayari. Alilichagua tangu mimba. Lakini yeye, aliyesema hadharani kwamba juu hakuna mtu, hakuwahi kulitamka hata kwa kunong'ona, hata wakiwa wawili tu na gurudumu la kusokotea. Aliogopa. Hakuweza kueleza alikuwa anamwogopa nani.

Mwishoni mwa Mei alipiga moyo konde. Alikwenda kwa Euphan Raeburn, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji, akamwambia, "Jumapili hii nitasema ninaamini."

Euphan alikuwa anachambua kiini cha tufaha la wiki iliyopita ili asipoteze hata mbegu. "Na unaamini?"

"Nataka mtoto awe na jina."

"Hilo silo nililokuuliza, mwanangu."

"Ndilo ninalokujibu."

Euphan alitafuna pole pole. "Basi sema kwa sauti," alisema. "Siku hizi kanisani wana masikio mazito."

Jumapili hiyo kigoda kilikuwa kimepita kiasi. Matawi yalifika mimbarini, na matufaha yalikuwa bado mabichi, maana yaliiva kwenye zaburi ya mwisho, si kabla. Mchungaji Halkett aliinama, akauliza swali lake kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Grizel Moffat, unaamini kwamba yuko Mungu?"

"Naamini, Mchungaji."

Mchungaji alimtazama Grizel, akatazama matufaha ya kijani, akatazama benchi la tatu ambako watoto wa mfumaji walikuwa wamekaa na shingo nyembamba. Alikuwa amefanya kazi ya Mungu kwa miaka ishirini na sita na mwenyewe alikuwa amekonda mpaka kola inampwaya shingoni. Akafunga Biblia.

"Sikusikia," alisema.

"Nimesema naamini."

"Karani, umesikia?"

Karani alivua miwani, akaifuta. "Upepo, Mchungaji," alisema. Upepo haukuwapo. Akaandika kitabuni kwamba mshitakiwa hakusikika na kwamba ataendelea kukaa.

Grizel akawatazama majirani zake. Mzee Pringle aliangalia viatu vyake. Mke wa mfumaji, aliyewahi kusokota naye chumba kimoja, alisema kwa sauti ya chini, "Mpaka mavuno tu, dada. Mpaka mavuno tu." Na hapo Grizel aliumia kuliko alivyoumia kisimani, kwa sababu safari hii walimhitaji, na kumhitaji kwao hakukutofautiana hata kidogo na kumlaani.

"Basi mbatizeni mtoto," alisema, "mimi nikae hata miaka kumi."

"Sheria hairuhusu," alisema Mchungaji. "Mtoto wa aliye kwenye kigoda."

"Mchungaji, kwenye kigoda mmeniweka nyinyi."

"Sheria hairuhusu," alisema tena, na ilionekana wazi kwamba angetamani iruhusu.

Grizel akasimama. Akashuka, akaketi sakafuni, mtoto mapajani, mgongo wake ukiegemea mimbari. Majani yalianza kujikunja pale pale. Tufaha moja bichi likaanguka, likabingirika mpaka mguuni pa Mzee Pringle, na hakuna aliyeinama kuliokota. Kanisa zima lilisikia tumbo la mtu mmoja likinguruma.

Ndipo Euphan Raeburn aliposimama, huku nyuma, akishika benchi kwa mikono miwili.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa Kirkharran juu ya mtoto ambaye hajabatizwa. Mchungaji Halkett akainua mkono. "Euphan, kaa chini."

"Nimekaa miaka sabini na miwili, Mchungaji. Namuuliza mama yake. Nimemtoa mimi huyo mtoto, miguu ikitangulia, sijui hata nimemtoa nani."

Grizel alifungua kinywa. Jina lilikuwa limekaa humo muda mrefu mno, na lilipotoka lilikuwa na kutu kidogo. "Elspet," alisema.

"Elspet," alisema Euphan, akakaa.

"Elspet," alisema mke wa mfumaji. Mumewe akalisema. Watoto wao wakalisema, mmoja mmoja, kila mmoja kwa namna yake. Likaenda benchi kwa benchi, wengine wakilinong'ona, wengine wakilitamka kwa ukali wa watu wenye aibu, na mama yake Mzee Pringle, asiyesikia vizuri, aliuliza ni nani amekufa. Wakamwambia hakuna aliyekufa, huyu ni Elspet. Naye akasema vizuri, ni jina zuri, dada yake aliitwa hivyo. Mchungaji Halkett alisimama mimbarini mikono ikiwa juu ya Biblia iliyofungwa. Hakulisema. Hakukataza pia. Karani alishika kalamu na hakuandika kitu.

Jina lilipozunguka kanisa lote na kurudi mbele, Grizel alikuwa bado sakafuni. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Akawatazama wale watoto wa benchi la tatu. Kisha akanyanyuka, akasogeza majani kwa mkono, akaketi mwenyewe juu ya kigoda. Waliimba zaburi ya mwisho. Matufaha yakaiva kwenye ubeti wa pili.

Baraza lilikutana Alhamisi. Liliamua kwamba lililosemwa kanisani si ubatizo, kwamba kitabu kibaki kama kilivyo, na kwamba Grizel Moffat aendelee kukaa kwa kumkana Mungu. Daktari Lorimer, alipopelekewa barua, alijibu kwamba kitabu chake sasa kina kurasa mia saba na ishirini na haoni mwisho wake. Mwezi Septemba shayiri iliiva, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na watu waliivuna wakicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mavuno yalipita, na Grizel alikuwa bado kwenye kigoda. Watu wamezoea matufaha, karani alisema, na hakuna aliyebisha.

Kwenye kitabu cha kanisa mtoto alikuwa bado ameandikwa "mtoto wa huyo mwanamke". Lakini kisimani, wanawake walikuwa wakimwita kwa jina, na njiani, na kwenye mlango wa kiwanda cha mapipa. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, Mzee Pringle alisimama mlangoni pa kanisa na kisu chake. Watoto walikuwa wamejipanga. Alichagua tufaha lililokuwa jekundu kuliko yote, akalikwangua laini kwa ncha ya kisu kwa ajili ya mtu mwenye meno sita, akakohoa kidogo.

"Elspet kwanza," alisema.

Mtoto akageuza kichwa.