Presha ya Marehemu

Fundi saa mstaafu hakuwa na goti la kuaminika, hakuwa na vidonge vya presha vya kumfikisha mwisho wa mwezi, wala hakuwa na kadi ya serikali ya dawa za wazee na walemavu. Mdogo wake alikuwa nayo. Mdogo wake alikuwa amefariki mwezi wa tatu.

Ombi la fundi lilikataliwa siku ileile alipolipeleka. Ofisi ya kadi ilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Karani alimtazama akihema mlangoni, akaandika kwamba mwombaji amepanda ngazi zote bila msaada, kwa hiyo ni mzima. Mdogo mtu hakuwahi kuzipanda. Fomu yake ilipelekwa na fundi mwenyewe, mwaka juzi.

Kila Jumatatu asubuhi marehemu alitoka makaburini akapanga foleni zahanati. Sanda yake ilikuwa safi kuliko koti la daktari. Wagonjwa walisogea kidogo kwenye benchi kumpisha, akakaa. Muuguzi alimpima presha: mia na ishirini kwa themanini. Alimsifu mbele za watu, kisha akamgeukia fundi, aliyekuja kununua vidonge kumi.

“Mwone mdogo wako. Anafuata masharti.”

“Amekufa,” fundi alisema.

“Najua, mzee. Lakini hakosi kliniki.”

Alasiri marehemu alipitia kwa kaka yake. Shemeji yake alimvutia kiti, akamuuliza habari za huko. Akasema ni nzuri, ila kuna unyevu. Fundi alikuwa akikata kidonge kwa wembe, nusu ya leo, nusu ya kesho. Marehemu alimsogezea pakiti ya dawa zake.

“Chukua, kaka. Nazifuata kwa ajili yako. Mimi za nini?”

Fundi alijibu kwamba hawezi kula masalio ya mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kuvaa viatu.

“Mama alikupendelea wewe,” alisema. “Sasa na serikali.”

Mkewe alimwambia wivu hauteremshi presha. Fundi alivuta karatasi, akaiandikia ofisi ya kadi, kwa mwandiko ulionyooka, kwamba mdogo wake si hai tena na jina lake lifutwe. Kuhusu yeye mwenyewe hakuandika neno. Marehemu alisoma juu ya bega lake mpaka mwisho.

“Tarehe si kumi, kaka. Kumi mlinizika. Nilikufa tisa.”

Fundi alisahihisha. Alilamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika. Kichwa kilikuwa kinamgonga na barabara ilimzunguka kidogo, kwa hiyo marehemu alimshika kiwiko, wakaenda polepole hadi kwenye sanduku la posta. Fundi aliitumbukiza barua, na mdogo wake akachungulia kuhakikisha imefika chini.