Wifi Miongoni mwa Wadai

Wakili alizima feni ili anisikie vizuri, maana sauti yangu ilikuwa imeshuka kama ya mtu anayeongea msibani.

"Usimlipe," alisema. "Ukimlipa wifi yako leo, kesho ukaomba mahakama ikutangaze mufilisi, wanaweza kumwita azirudishe hizo pesa. Wataona umempendelea kuliko wadai wengine."

Hakuwa ameniomba chochote kwa mazungumzo yale, na maji ya kunywa alinimiminia mwenyewe. Hata hivyo nilimshuku. Pesa nilizomwekea wifi ndizo hizo hizo ambazo zingetosha ada ya wakili. Angesema nini kingine?

Sasa wajukuu wangu wanavaa sare zilizoshonwa na watu wengine. Siku zile nilikuwa na karakana, mafundi wanne, na mkopo wa benki ulioishia kwenye sare za shule moja kubwa. Kwa pupa ya kuwafurahisha, nilitarizi nembo yao mifukoni kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Shule ikafungwa. Mashati yakabaki yamekunjwa hadi darini, na nembo isiyo ya mtu yeyote. Wifi, dada wa marehemu mume wangu, akauza friji lake la biashara ili mafundi wapate mishahara. Hakuniuliza nitamlipa lini.

Karani wa mahakama aliniambia fomu naweza kujaza mwenyewe, wengi hujaza. Basi nikapanga: nimlipe wifi kwanza, kisha nifilisike kwa amani. Wakili wa nini? Nilikwenda kwake kwa sababu tu binti yangu alinisukuma.

Nilirudi nyumbani. Nikishika simu, naiweka. Nikimlipa, na wakili awe amesema kweli, wifi atasimamishwa mbele ya watu kwa ajili ya wema wake. Nikimchukua wakili, wifi atakosa chake, na atakayekuwa amemnyima ni mimi.

Wifi alikuja mwenyewe, mchana, bila hodi.

"Wifi, mbona umekonda? Siku hizi unakula uzi?"

Nilimweleza yote huku nimeinamia cherehani. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, mpaka nikatamani anigombeze tu yaishe.

"Mpe huyo wakili," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi niandikeni hapo pamoja na benki. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa safu moja na matajiri."

Nilitaka kucheka, nikalia. Akanipa mtandio nijifute. "Lia upesi basi, ofisi zisije zikafungwa."

Tulikwenda pamoja. Yeye akabaki kwenye benchi la nje na mkoba wangu. Ndani, wakili aliandika wadai mmoja mmoja: benki, muuza vitambaa, mwenye nyumba. Mwisho akaandika jina la wifi, akainua kalamu.

"Huyu anakudai kwa makubaliano gani?"

Makubaliano hatukuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona wifi amempisha mtu mwenye magongo, amesimama ukutani, mkoba wangu ameubana kwapani.

"Muulize mwenyewe, yuko hapo," nilisema. "Ila ukimuuliza, atakuambia hanidai."