Taa Iliyokonyeza Kumi na Moja

Umewahi kumwona fundi akiliuliza gari linaumwa wapi, na gari likamjibu? Twaha wa Mtoni, mwenye gereji ubavuni mwa Barabara ya Kilwa, alikuwa akifanya hivyo kila siku mwaka ule wa tisini na nne. Anafungua boneti, anatafuta kiboksi cheusi chenye kifuniko, anaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kisha anakwenda kutazama taa ya injini kwenye dashibodi. Taa inakonyeza. Mara mbili, kituo, mara mbili tena: hiyo ishirini na mbili, kifaa cha kupima joto la maji. Yote kayaandika kwa penseli kwenye daftari lenye jalada la kaki, maana vitabu vilivyokuja na magari yale vilikuwa vya Kijapani.

Leonardi, dereva wa mzee Sadallah mwenye kampuni ya kuagiza vigae, alileta gari Jumanne saa tatu asubuhi. Taa haizimiki. Twaha akachomeka waya, taa ikakonyeza mara kumi na moja mfululizo, bila kituo. Daftarini haimo. Akabadilisha plagi, akasafisha nyaya, wapi. Leonardi alipotoka kwenda kununua muhogo wa kuchoma, taa ikazimika. Aliporudi akakaa, ikawaka. Twaha akamkalisha kwenye pikapu iliyokuwa juu ya mawe tangu Ramadhani, haina betri wala injini. Nayo ikakonyeza kumi na moja.

"Gari zima," Twaha akasema. "Mbovu wewe, braza. Una nini chako kumi na moja?"

Leonardi akafikiri huku akitafuna. Watoto anao wanne. Akasema labda likizo. Hajapata tangu aanze kazi, mwaka wa themanini na tatu. Mama yake yuko Newala, macho yanafifia, na kila mfanyabiashara wa korosho anayetoka huko huja na salamu kwamba anamuulizia. Lakini madereva wawili walioomba likizo walirudi wakakuta viti vyao vina watu.

Twaha akaandika daftarini: kumi na moja mfululizo, likizo. Akamwambia kifaa hicho yeye hana, akamwombe tajiri wake.

Leonardi akamweleza mzee Sadallah kwamba gari halina ubovu. Lile jingine hakulitaja. Mzee akaagiza taa ing'olewe. Twaha akaitoa, balbu ndogo kama punje ya mahindi, naye Leonardi akaitia mfuko wa shati. Ikaendelea kukonyeza humo. Umeme ulipokatika ofisini, makarani walimwomba asogee karibu, wakamwita Jenereta. Mzee Sadallah akalalamika kwamba inamuumiza macho akisoma gazeti, basi kampuni ikamnunulia Leonardi koti zito.

Januari ilipoingia, ikakonyeza kumi na mbili.

Asubuhi moja, gari limesimama nje ya geti la ofisi, mzee Sadallah akamwambia afunge kifungo cha juu, mwanga unatokea shingoni. Akaongeza, bila kuinua macho gazetini, kwamba yupo Benedikto, dereva asiye na kazi, hushinda pale getini akikisubiri kiti hicho. Kweli alikuwepo, shati limepigwa pasi. Leonardi akazima injini, akachomoa funguo, akampitishia mzee kiti cha nyuma. Benedikto akasimama.

"Nataka likizo, mzee. Nikamwone mama angali ananiona."