Maiti wa Zoezi

Kuna watu hata kicheko chao kinakuchefua. Kwa mjane aliyeongoza mazoezi ya dharura kwenye jukwaa la kuchimba mafuta baharini, mtu huyo alikuwa mkurugenzi wa usalama wa nchi jirani, ambaye mabaharia walimpachika jina la Bwana Kimya.

Zamani, alipokuwa meneja wa jukwaa lile lile, Bwana Kimya aliamuru king'ora cha vyumba vya kulala kizimwe, eti kinalialia ovyo na kuwasumbua wageni wake. Gesi ilipovuja na moto kulipuka, mume wa mjane alikuwa usingizini. Hakuamka. Bwana Kimya alitoka bila hata mkwaruzo, akapandishwa cheo, na leo amekuja kwenye zoezi la pamoja la nchi nne akiwa na shabaha moja: kuchomoa kwenye mkataba kipengele kinachomkataza mtu yeyote, awe nani, kuzima king'ora. Kipengele hicho aliyekiandika ni mjane, na kura ni leo leo.

"Nakizima king'ora chumbani kwake," mjane alimwambia wifi yake, mtu wa mitambo ya mawasiliano na ving'ora.

"Wifi, wakijua kazi huna."

"Wanifukuze. Kaka yako alifukuzwa duniani."

"Kisha?"

"Kisha basi. Hakuna moto wala gesi, ni zoezi. Si anapenda kulala? Tumwache alale."

Wifi akavuta kiti, akaizima swichi ya chumba hicho mwenyewe.

Sasa, mazoezi hayo yana sheria inayoheshimiwa na nchi zote: asiyefika kwenye kituo cha kukusanyikia kabla majina hayajamalizika kuitwa, amekufa. Anavishwa kibao chekundu shingoni, hasemi neno wala hapigi kura mpaka kikao cha tathmini kifungwe. Kuna nahodha mmoja aliwahi kukaa maiti mkutanoni hadi chai yake ikapoa, na hakuna aliyemwonea huruma.

Baada ya chakula cha mchana, bila onyo, king'ora kikalia jukwaa zima ila chumba kimoja. Watu wakakimbia na majaketi yao ya kuokolea. Jina la Bwana Kimya likaitwa, likarudiwa, kimya. Walimkuta kitandani, amevua viatu, anakoroma kwa shibe ya mchana. Mjane alimvisha kibao kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza kamba kuliko ilivyohitajika. Alisikia raha, wala hakuionea haya.

Kikaoni, kipengele kiliposomwa, Bwana Kimya alishindwa kuvumilia. Akasimama, kibao kikining'inia kifuani.

"Mimi sikusikia king'ora," akasema. "Kuna mtu amekizima chumbani kwangu. Mnajua hiyo ni hatari kiasi gani? Mtu anaweza kufa."

Wajumbe wakatazamana, kisha wakamtazama mjane.

"Mimi ndiye niliyeagiza kizimwe," mjane akasema. "Mume wangu naye hakukisikia. Yeye hakupata nafasi ya kuja kulalamika."

Mwenyekiti, mama mmoja wa nchi ya nne asiyejua mzaha, alivua miwani. "Suala la kiongozi wa zoezi tutalijadili baadaye, na litajadiliwa," akasema. "Kwa sasa marehemu aketi. Tunapiga kura."

Bwana Kimya akamgeukia naibu wake, akimkodolea macho amtetee. Naibu alikuwa ameshainua mkono kukipitisha kipengele.