Nguzo Hazikuletwa

Baada ya mvua kubwa za mwaka wa sitini na moja, ziwa lilipanda na kulimeza boma la Jared Ogalo. Maji yaliingia kwanza kwenye mihogo, yakafika zizini, mwishowe yakatuama jikoni. Jared na mkewe Phelesia walimtoa mama yake Jared, Jedidah, mlangoni mwake kwa mtumbwi, naye alikuwa amekumbatia kuku wawili na Biblia. Walihamia uwanda wa bara, upande wa Ndhiwa, ambako ndugu za Phelesia waliwapa kipande cha kulima. Kwa mwanamume wa Kijaluo, kuishi kwenye ardhi ya wakwe si jambo la kujivunia. Watu walimwita jadak, yaani mkaaji tu. Jared aliisikia sauti hiyo hata pale ambapo hakuna aliyesema.

Halafu mbingu zikakauka. Mwaka wa sitini na tano mtama ulitoa majani ukafia hapohapo. Watu walipanga foleni Ndhiwa kupokea mahindi ya manjano ya msaada, mahindi yaliyokaa tumboni kama kokoto.

Katikati ya uwanda huo ulipita mfereji mkavu. Serikali ya wakoloni iliuchimbisha wakati wa vita vya Hitler, uchukue maji ya mto Kuja na kunywesha mpunga wa askari. Vita vilipokwisha, wazungu waliuacha ukajaa mchanga na michongoma. Ng'ombe walipita ndani yake kama njia.

Elkanah, naibu wa chifu, ndiye aliyeitisha baraza akasema mfereji ufufuliwe. Alikuwa kijana msafi, mwenye kofia ya kazi iliyokuwa bado mpya na maneno mengi mazuri.

"Zamani tulichimba kwa kiboko," alisema. "Sasa tutachimba kwa hiari yetu. Harambee! Atakayechimba atapata shamba kando ya maji, awe mwenyeji au mgeni."

Jared aliposikia neno mgeni aliinua kichwa. Jioni hiyo alinoa jembe lake mpaka Phelesia akamwambia atalimaliza.

"Nyar Kanyamwa," Jared alimwambia mkewe, kwa jina la ukoo wake, kama alivyozoea anapofurahi, "tukipata shamba hilo, hakuna atakayeniuliza nimetoka wapi."

Kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya kujenga gati kule Homa Bay, watu walimfanya msimamizi. Kila asubuhi isipokuwa Jumamosi, maana wengi wao walikuwa Wasabato, walishuka mferejini. Wanaume walikata michongoma na kuvunja udongo. Wanawake waliubeba kwa karai na mateo ya kupepetea hadi ukingoni. Monicah, jirani ya Phelesia, alisimamia vyungu vya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kila aliyechimba alikula kabla ya kurudi kwake. Kwa wengine hicho ndicho kilikuwa chakula pekee cha siku.

Kazi ilipoingia mwezi wa pili, alikuja Maroa. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kegonga, ameteremka na mdogo wake Mirumbe na ng'ombe wachache kutafuta majani. Watu walipoona ng'ombe na fimbo zao walishika mapanga, kwa sababu wizi wa mifugo ulikuwa umeacha makaburi pande zote mbili. Maroa alisimama mbali, akazungumza Kiswahili.

"Nina maksai wa kuvuta mawe na visiki. Mimi na ndugu yangu tutafanya kazi na nyinyi. Maji yakija, ng'ombe wangu wanywe. Sitaki kingine."

Wazee walinuna. Jared akaenda akamshika mkono mbele ya wote. "Mimi pia nimekuja hapa natafuta maji," alisema. "Karibu."

Maksai hao walifanya kazi ambayo watu ishirini wasingeiweza. Mirumbe na Jared walizoeana wakawa wanachimba bega kwa bega, huyu akicheka Kijaluo cha yule, yule akicheka Kikuria cha huyu. Mfereji ulisogea. Ulisogea hadi ukafika kwenye kilima.

Hapo wakoloni walikuwa wamepitisha maji chini kwa chini, kwenye handaki la matofali ambalo mtu mzima aliweza kuingia akiwa ameinama. Lilikuwa limeziba. Jared aliingia na taa ya chemni, akatoka na vumbi kichwani. Matofali ya juu yalikuwa yameachana, na udongo nyuma yake ulikuwa ukimwagika kama unga.

"Hatuwezi kuzibua hivi hivi," alimwambia Elkanah. "Tunahitaji nguzo za kushikilia juu. Nguzo nene, za mti mgumu."

"Zitaletwa," Elkanah alisema. "Nimekwisha agiza Migori."

Walingoja. Nguzo hazikuja. Watu walianza kubaki majumbani, na wale waliokuja walikaa kwenye ukingo wakila nyoyo bila kuchimba. Ndipo habari zikafika kwamba Bwana D.C., mkuu wa wilaya, angepita Ijumaa kuona kazi ya harambee. Jumatano Elkanah alifika kwa baiskeli, jasho likimtoka.

"Mkubwa anakuja, na hapa pamekufa kama sokoni Jumapili! Mnataka akute nini? Shimo?"

"Nguzo ziko wapi?" Jared aliuliza.

"Nguzo, nguzo! Hili handaki limesimama tangu vita, litaanguka leo? Kama wewe unaogopa, sema. Kuna watu wengi wanaotaka shamba lako. Wewe hata si mtu wa hapa."

Phelesia alikuwa akipita na bakuli la chakula cha Maroa. Alisimama. Alimwona mumewe akitazama chini, kisha akiokota sururu.

"Sitamtuma mtu mwingine," Jared alisema. "Nitaingia mimi."

"Tutaingia wawili," Mirumbe akasema, akavua shati.

Phelesia alitaka kumwita. Lakini mke kumwita mumewe mbele ya wanaume, baada ya maneno kama yale, kungekuwa kumvua nguo. Akamtazama akiinama na kuingia. Akaendelea na bakuli lake hadi chini ya kilima, mahali ambapo maksai walikuwa wamefunguliwa nira wakila vijiti vikavu, na Maroa amekaa akijipepea. Alikuwa bado amemnyooshea chakula ardhi iliposhtuka. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anayekaa chini baada ya safari.

Vumbi lilitoka kwenye mdomo wa handaki.

Walichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Maroa alichimba mbele, akiita jina la ndugu yake kwa lugha ambayo wengi hawakuielewa, na Phelesia alichimba pembeni yake mpaka kucha zikatoka. Monicah alijaribu kumvuta akashindwa. Jua lilipokuwa linashuka walimfikia Mirumbe kwanza. Jared alikuwa mbele yake kidogo, amelala kifudifudi, midomo imejaa udongo. Hakuwa na jeraha lolote. Phelesia alimsafisha midomo kwa ncha ya kitenge chake, polepole, kama anayemsafisha mtoto, na hakulia mpaka Jedidah alipofika akiwa anakimbia, bibi ambaye hakuwa amekimbia tangu maji yamtoe kwake.

Jared alizikwa kwenye ardhi ile ile ya kupewa. Maroa alimlaza ndugu yake kwenye sleji ya mbao ya kukokotwa na maksai akampeleka kwao.

Ziara ya Bwana D.C. iliahirishwa, ikasemekana kutafanywa baraza la kuchunguza. Kabla ya siku hiyo Elkanah alikuja nyumbani kwa Phelesia. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini, akaomba kwanza, akamwombea marehemu kwa sauti nzuri.

"Shemeji," alisema, "watu wamezungumza. Yule Mkuria alikuwa anavutisha ng'ombe jiwe juu ya kilima. Mtikisiko ule ndio ulioangusha handaki. Wazee wamekubali hivyo. Maksai watachukuliwa, mmoja utapewa wewe. Na shamba la kwanza kando ya maji litakuwa la Jared, yaani lako na la mama. Unachotakiwa ni kusema uliona."

"Maksai hawakuwa juu ya kilima."

"Wewe ulikuwa na huzuni. Huwezi kukumbuka."

"Wakati huo sikuwa na huzuni bado," Phelesia alisema. "Mume wangu alikuwa hai."

Elkanah alivaa kofia akaondoka. Jedidah, aliyekuwa amekaa kando ya mlango, alimgeukia mkwewe.

"Sema anavyotaka, nyathina," alisema, akimwita mtoto wake.

"Mama, ni uongo."

"Najua ni uongo. Mwanangu amekufa, ukweli utamfufua? Ziwa lilichukua nyumba yangu, kilima kimemchukua Jared. Hao ndugu zako watatuvumilia mpaka lini? Mkuria ana ng'ombe wengine. Sisi tuna nini?"

Usiku usingizi ulimkataa Phelesia. Kila alipofumba macho alimwona Maroa akichimba, na bakuli la nyoyo limemwagika nyuma yake.

Baraza lilifanywa kwa Kiswahili, kwa sababu ofisa aliyetumwa hakuwa mtu wa huko. Maroa alikuwa ameitwa na askari, akaja na maksai wake wamefungwa kamba. Mzee mmoja alisema aliona maksai kilimani. Wa pili akasema hivyohivyo. Maroa alipoulizwa alijibu tu, "Ndugu yangu alikuwa ndani. Ningewezaje kuvuta jiwe juu yake?" Watu wakaguna.

Phelesia alipoitwa, alisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki, kifupi kifupi.

"Ng'ombe walikuwa chini, wamefunguliwa. Mimi nilikuwa hapo na chakula ya Maroa. Kazi ilikuwa imesimama kwa sababu hakuna nguzo. Mume wangu aliuliza nguzo. Naibu wa chifu akamwambia anaogopa, akamwambia yeye si mtu wa hapa. Ndiyo akaingia. Hiyo tu."

Ofisa aliuliza nani mwingine alikuwapo. Phelesia aliwatazama wanaume aliowapakulia chakula kwa miezi, mmoja mmoja. Waliangalia miguu yao. Kutoka nyuma, kwa wanawake, Monicah alisema kwa sauti isiyo kubwa, "Ni kweli. Na mimi nilisikia." Mumewe alimshika mkono akamketisha.

Ofisa aliamua kwamba ilikuwa bahati mbaya. Maksai waachiliwe. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Elkanah alibaki naibu wa chifu.

Maroa alimngoja Phelesia njiani. Alitaka kumwachia maksai mmoja, naye akakataa, kwa sababu angesema nini kwa watu? "Mirumbe alikuwa anamwita mume wako ndugu," Maroa alisema mwishowe. Kisha akapiga mluzi, maksai wakaanza kwenda, na hakuonekana tena uwandani.

Nguzo zililetwa baadaye, zikateremshwa kutoka lori la serikali, nene na ngumu kama Jared alivyozitaka. Maji ya Kuja yalipita chini ya kilima baada ya mvua za mwaka uliofuata. Kulikuwa na hotuba, nyimbo za kwaya, na utepe. Mashamba yaligawanywa. Phelesia hakupewa, aliambiwa kwamba aliyejitolea ni mumewe, na mumewe amekwisha kufa. Wanaume wale wale walipomkuta njiani walimsalimia haraka, kama watu wenye safari.

Jedidah alikuwa hajazungumza naye tangu baraza. Walilala nyumba moja, wakala chungu kimoja, na bibi kizee alipotaka chumvi aliifuata mwenyewe. Phelesia aliteka maji mferejini kwa debe, akapanda kunde nyuma ya nyumba, akazinyweshea kwa mkono. Nusu zilikufa.

Siku moja alikuwa akipalilia zilizobaki alipoona kivuli cha mtu. Jedidah alikuwa amesimama na jembe. Aliinama upande wa pili wa tuta, akaanza kupalilia naye. Walienda hivyo mpaka mwisho wa mstari.

"Niambie alivyokufa," Jedidah alisema bila kuinua uso. "Si vile walivyosema barazani. Wewe uliona. Niambie yote."

Phelesia aliweka jembe chini. Alianza tangu Elkanah alipofika na baiskeli, akaeleza maneno yote na jinsi Jared alivyoinama kuingia, hata udongo aliomtoa mdomoni. Bibi alisikiliza. Machozi yalimtoka bila sauti, yakidondoka kwenye mikono iliyoshika mpini.

"Kwa hiyo aliogopa," alisema.

"Aliogopa, Mama. Na aliingia."

Jedidah alifuta uso kwa mgongo wa mkono. Kisha akavuka tuta, akaketi chini kwenye udongo karibu na mkwewe, na wakakaa hapo, wakisikia maji yakipita kwenda kwenye mashamba ya watu.